Muulize Mama Nyaya: Moduli iliyotoa moshi, sikwensa inayokimbia na mengineyo

Barua za safari hii zimerundikana juu ya spika moja mbovu niliyoigeuza kuwa meza. Nimechagua sita. Walioniuliza "sinthesaiza ipi ni bora kuliko zote", yaani ala inayotengeneza sauti kwa umeme, wanisamehe. Siwezi kumchagulia mtu kiatu bila kuuona mguu.

SWALI: Shikamoo mama. Napiga kinanda cha kawaida mwaka wa tatu sasa. Nimeona picha za mashine za moduli, vipande vya sinthesaiza unavyoviunga mwenyewe, ukuta mzima wa nyaya za rangi, na tangu hapo sina raha. Kila nikisoma nakwama kwenye herufi: VCO, VCF, VCA, LFO. Nianzie wapi bila kumaliza akiba yangu yote?
— Mpiga Kinanda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zipasue hizo herufi katikati. VC maana yake kifaa kinaongozwa kwa volti, hata mkono wako ukiwa mfukoni. Herufi ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. O ni osileta, yaani kinachotoa mlio. F ni kichujio, kinachopunguza sehemu fulani za mlio huo. A ni kikuza sauti, ingawa kazi yake kubwa humu ni ya bawabu: anafungua mlango, anafunga mlango.

Kinanda chako kina vyote hivyo ndani, ila aliyekitengeneza ameshaamua nani aongee na nani. Kwenye moduli hakuna aliyeamua. Unawasha, unabonyeza, kimya. Wengi hukata tamaa hapo hapo siku ya kwanza wakidhani wameuziwa kitu kibovu.

Sasa LFO, ambayo ndiyo iliyonifungua macho mimi. Osileta ikitetema mara 440 kwa sekunde unaisikia kama noti ya La. Ishushe hadi mara 2 kwa sekunde: husikii kitu, lakini volti bado inapanda na kushuka mle ndani ya waya. Chukua waya huo uchomeke kwenye tundu la kuongozea kichujio, na kichujio kitaanza kufunguka na kufumba mara mbili kila sekunde, kama mtu anayepumua. LFO ndiyo hiyo, osileta mvivu. Anza kuiongezea kasi taratibu. Kwenye mara 5 unapata mtikisiko kama wa koo la mwimbaji. Kwenye 12 au 15 ni mkwaruzo. Ukivuka 20 hivi, sikio linaacha kuhesabu mapigo, na mlio unabadilika rangi kabisa, unakuwa na kengele ndani yake au bati. Usiku nilioligundua hilo nilizungusha nobu moja, mbele na nyuma, hadi ncha ya kidole ikachubuka. Nilikuwa nimetengeneza redio za watu miaka mingi na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sauti na amri vinaweza kuwa kitu kimoja, volti ile ile, ikitofautiana kasi tu. Ukilielewa hili, majina mengine yote utayamudu.

Kuhusu akiba: usinunue chochote kwanza. Ipo programu ya VCV Rack, ilitoka 2017, ina toleo la bure, na inaiga moduli kwenye kompyuta pamoja na nyaya zake zinazoning'inia. Chukua osileta moja, kichujio kimoja, VCA moja, LFO moja na enivelopu moja (hiyo ndiyo inayoamua noti ipande haraka au polepole na ife vipi). Tano tu. Kaa nazo wiki mbili. Utatamani kuongeza siku ya pili; jizuie.

Ukifika kwenye chuma chenyewe, wengi siku hizi wanafuata mfumo wa Eurorack, uliotokana na moduli za A-100 za Dieter Doepfer wa Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990. Paneli zote zina kimo cha milimita 128.5, upana unahesabiwa kwa vipimo vya milimita 5.08, matundu ni ya milimita 3.5, na umeme ni volti 12 chanya na 12 hasi. Ndiyo maana moduli ya kampuni moja inaingia kwenye kisanduku cha nyingine. Watu huhesabu nafasi wakasahau mkondo. Kila moduli hueleza inakula miliampea ngapi kila upande. Jumlisha, kisha uache nafasi ya kupumua. Na nunua vile vidude visivyopigwa picha: vipunguza volti, vijumlishi, vigawanyaji. Kichujio kizuri kinachopokea volti nyingi kupita kiasi kinalia kama mlango wenye kutu, na dawa yake ni kipunguza volti kisicho na taa hata moja.

SWALI: Analogi au dijitali? Naomba jibu moja, bila kuzunguka.
— Mwenye Haraka

JIBU: Ile iliyo mbele yako. Sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya 1983 ni dijitali mtupu, inatengeneza sauti kwa namba, na imetawala muziki wa muongo mzima. Analogi ina utamu wake, hasa unapozungusha nobu na volti ikateleza bila ngazi, lakini inasahau. Ukichomoa nyaya leo, kesho sauti ile huipati tena. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Mimi nina picha mia kadhaa za nyaya na sielewi hata nusu yake.

SWALI: Mama, naandika kwa aibu. Nimechomeka moduli mpya, nikawasha, ukatoka uzi mwembamba wa moshi na harufu kali. Nilikuwa makini, naapa. Je, imekufa?
— Niliyeunguza

JIBU: Pole sana, na aibu iache huko. Nami nimeshaunguza, tena kichujio nilichokuwa nimekisubiri miezi.

Tazama ule utepe wa umeme, bapa, wa kijivu mara nyingi, wenye mstari mwekundu pembeni. Upande wa kisanduku una pini 16, upande wa moduli mara nyingi 10. Mstari mwekundu ni wa volti 12 hasi. Kwenye zile pini 10, hasi iko mwisho mmoja, chanya mwisho mwingine, ardhi (volti sifuri) katikati. Kwa hiyo ukiupindua, ardhi inabaki ilipo, ila chanya inaingia penye hasi na hasi penye chanya. Chipu hazipendi hilo hata kwa nusu sekunde.

Mimi nilikosea hivi. Nilikuwa nimeilaza moduli kifudifudi mezani ili nione pini vizuri. Nikachomeka utepe, mstari mwekundu chini, kama nilivyozoea. Nimesahau kwamba nilikuwa nimeizungusha na upande wa chini wa paneli ulikuwa unatazama dirishani. Nikageuza, nikafunga skrubu mbili, nikawasha. Harufu ilifika kabla ya moshi.

Tangu siku hiyo siangalii juu wala chini. Naangalia maandishi kwenye bodi yenyewe: "-12" au neno "RED" lililochapwa karibu na pini. Pasipo maandishi, nafungua maelekezo ya mtengenezaji, kwa sababu wapo waliopanga kinyume. Kosa la pili ni kuchomeka utepe ukiwa umeruka safu moja ya pini. Hesabu kwa kidole. Na umeme uwe umechomolewa ukutani, si kuzimwa kwa swichi tu.

Kama imekufa au la: wengi huweka diodi za ulinzi, basi huenda kilichoungua ni diodi tu. Zisipokuwepo, wanaotangulia kufa ni chipu ndogo za miguu minane, TL072 na ndugu zake, ambazo ni rahisi kupatikana. Nilibadilisha mbili kwenye kichujio changu kikafufuka. Tafuta iliyovimba, iliyopasuka au yenye doa jeusi. Kama huna mkono wa solda, mpelekee anayeujua, na mweleze ukweli. Fundi anayeambiwa "imekufa yenyewe" hupoteza saa nzima akitafuta ugonjwa ambao haupo.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nina osileta mbili. Moja ikipiga peke yake iko sawa. Nikigawanya waya wa noti ili ziende zote mbili, zinashuka kidogo, na nikipanda juu zinazidi kushuka. Nimebadilisha waya mara tatu.
— Sikio Linauma

JIBU: Nzuri. Nimeifurahia barua yako kwa sababu umesema kitu ambacho wengi hawakisemi: kwamba inazidi kadiri unavyopanda. Kwa maneno hayo tu waya nimeshauachia huru.

Mfumo wako unafuata volti moja kwa oktava. Ukiongeza volti 1, noti inapanda oktava nzima. Nusutoni moja, basi, ni volti 1 kugawanya kwa 12, yaani milivolti 83 na ushei. Nusutoni hugawanywa tena senti 100 (za muziki, si za mfukoni), kwa hiyo milivolti 1 ni senti 1.2. Unaona jinsi ilivyo finyu.

Sikwensa, yaani kifaa kinachopiga noti ulizozipanga hatua kwa hatua, au kinanda kinachotoa volti hizo mara nyingi kina rezista ya kama ohmu 1,000 kwenye tundu la kutokea. Osileta inayopokea ina ohmu 100,000. Volti inagawanyika baina ya hizo mbili: katika volti 1 inafika 0.990. Uliisawazisha osileta yako katika hali hiyo, ndiyo maana peke yake iko sawa. Ukiongeza ya pili kwa kigawanyaji cha kawaida, kile cha matundu matupu yasiyo na umeme, mzigo unakuwa ohmu 50,000 na inafika 0.980. Umepoteza milivolti 10, sawa na senti 12 kwa kila oktava unayopanda. Juu oktava tatu ni senti 36. Lazima sikio liume.

Tafuta kigawanyaji chenye umeme wake, kinachonakili volti bila kuipunguza. Hicho ndicho kifaa chenye sura mbaya kuliko vyote kisandukuni mwangu na sikitoi ng'o.

Kabla ya kulaumu chochote, pasha mashine moto nusu saa. Saketi inayogeuza volti kuwa oktava inategemea transista, na transista hubadilika na joto. Watengenezaji wazuri huweka rezista maalumu inayobadilika na joto ili kusawazisha, lakini haimalizi yote. Kisha sawazisha kwa mapigo: piga osileta mbili noti moja. Moja ikiwa 440 na nyingine 441 utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Punguza hadi mvimbo uchukue sekunde nne, tano, uache hapo. Zikilingana kabisa, mimi naona zinakuwa kama maji ya kuchemsha.

Na angalia isije osileta ya pili ikawa ya ukoo mwingine. Mashine za Don Buchla, mtengenezaji wa sinthesaiza wa Marekani, hutumia volti 1.2 kwa oktava, na Korg MS-20 ya 1978 ina hesabu yake, volti inazidishwa mara mbili kila oktava. Hizo hazielewani na yako bila mkalimani.

SWALI: Sikwensa yangu ya hatua 16 inakimbia kama imefukuzwa nikiifunga kwenye saa ya mashine ya ngoma kupitia kigeuzi cha MIDI. Nikiitumia peke yake, baada ya dakika mbili nimeichoka. Msaada kwa yote mawili, dada.
— Hatua Kumi na Sita

JIBU: La kwanza dogo. Saa ya MIDI, lugha ambayo ala za umeme huongea zenyewe kwa zenyewe, hupiga mara 24 kwa kila pigo moja la mguu. Sikwensa yako inategemea mara 4. 24 kwa 4 ni 6, kwa hiyo weka kigawanyaji cha saa kwenye 6. Vigeuzi vingi vina mpangilio huo ndani. Tafuta kabla ya kununua kingine.

La pili ndilo lenye nyama. Unachoka kwa sababu kila kitu kinarudi mwanzo kwa pamoja. Volti ya noti ina hatua 16, ya kichujio 16, ya mlango (inayoamua noti ipige au inyamaze) 16. Wote wanafika nyumbani saa ile ile. Wachelewesheane. Kata mstari wa noti uwe hatua 5. Wa kichujio uache 8. Noti ile ile sasa inakuja ikiwa na giza mara hii, na mwanga mara ijayo, na vyote viwili havikutani mwanzo hadi hatua ya 40. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hatua nane kila sekunde, hizo ni sekunde tano. Ongeza mstari wa mlango wenye hatua 7: tano mara nane mara saba ni 280, yaani sekunde 35 kabla ya kujirudia. Hukuandika chochote kipya. Una hatua ishirini tu, ulizoziweka kwa vidole.

Mlango wenyewe usiujaze. Chukua mapigo 3 uyatawanye kwa usawa kadiri inavyowezekana ndani ya hatua 8: piga, kimya, kimya, piga, kimya, kimya, piga, kimya. Gonga mezani. Unaujua mdundo huo, hata kama hujui uliusikia wapi. Mapigo 5 ndani ya 8 yanakupa mwingine: piga, kimya, piga, piga, kimya, piga, piga, kimya. Mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha mwaka 2005 kwamba hesabu hii ya kutawanya, yenye undugu na ile ya kale ya Mgiriki Euclid, inazaa midundo mingi ambayo watu wamekuwa wakiipiga kwa mikono tangu zamani. Siku hizi moduli nyingi za mdundo zina nobu mbili za kazi hiyo: ngapi, ndani ya ngapi.

Na ukichoka kuzungusha, kumbuka wenzetu walivyotaabika. Katika San Francisco Tape Music Center, studio ya wanamuziki huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mstari wa noti kumi na sita ulikuwa vipande kumi na sita vya utepe wa kurekodia vilivyokatwa kwa wembe na kuunganishwa. Buchla alipowatengenezea sinthesaiza yake, alitia sikwensa ndani, na wembe ukapata mapumziko.

SWALI: Shikamoo. Nyumbani wanasema ninachofanya ni kelele, si muziki. Tena sina mashine, nina betri ya volti 9, spika ndogo yenye kikuza sauti chake, na hamu. Nifanyeje?
— Mpiga Kelele

JIBU: Marahaba. La kelele waambie hivi: mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodi kwa waya wa chuma, akanasa sauti za wanawake katika ngoma ya zar, kisha akaingia studio ya redio akaondoa milio ya msingi ya sauti hizo na kuacha milio ya juu na mwangwi wake. Ilikuwa miaka minne kabla ya Wafaransa kufanya majaribio yao ya muziki wa sauti zilizorekodiwa, yaliyopata sifa. Huenda naye nyumbani walimwambia kelele. Wasikuumize kichwa, ila tumia visikizi baada ya saa tatu usiku.

La pili: tafuta chipu ya CD40106. Ina miguu 14 na ndani yake vigeuzi sita, na kila kimoja kinaweza kuwa osileta kwa rezista moja na kapasita moja. Uishike kile kijikato chake kikiwa juu. Mguu wa kwanza ni juu kushoto, hesabu ukishuka hadi wa 7, uvuke kulia uhesabu ukipanda hadi wa 14. Chanya ya betri iende 14, hasi iende 7. Rezista ya ohmu 100,000 iunganishe mguu wa 1 na wa 2. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 itoke mguu wa 1 iende hasi. Mlio unatoka mguu wa 2. Upitishe kwenye rezista nyingine ya 100,000 kabla ya spika, kwa sababu unatoka na nguvu nyingi, na hasi ya spika uiunge na hasi ya betri. Unapaswa kusikia mngurumo wa chini, mara mia moja na kitu kwa sekunde. Kila chipu ina wake.

Kisha toa ile rezista ya kwanza, uweke rezista inayobadilika kwa mwanga. Pitisha kiganja juu yake. Kivuli kinashusha mlio, mwanga unaupandisha, na una ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Tengeneza ya pili kwenye miguu ya 3 na 4, ukiweka kapasita kubwa zaidi, mikrofaradi 10, upande wake chanya ukitazama mguu wa 3. Hiyo itakuwa osileta mvivu. Ni juu yako kutafuta namna ya kuifanya imsumbue mwenzake.

Miguu ya kuingizia usiyoitumia, 5, 9, 11 na 13, iunge na hasi, la sivyo chipu itanung'unika yenyewe. Na ukipata kimya, usibadilishe chochote kabla hujautazama mguu wa 7. Mara tisa kati ya kumi, mimi ndio huwa nimeusahau.